Lumbugu Isiyokoma Bustanini

SWALI: Nina bustani ya mboga Jinja, na nyingine mtelemkoni huko Mbale. Kila nikilima, lumbugu hurejea kwa wingi zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, taabu yako yatokana na jembe lenyewe, kwani uhai wa lumbugu haumo katika majani, bali katika mashina meupe yatambaayo chini ya udongo, ambayo kila kifundo chake, kikikatwa na kuachwa penye unyevu, aghalabu huchipua mche mpya. Basi liache jembe la bapa, ushike la meno, na kazi uifanye kati ya Desemba na Februari, jua likiwa kali. Inua udongo taratibu, uvute shina zima pasi na kulikata, ulianike hata likikunjwa livunjike, kisha ulichome. Mvua za Machi zikiwadia, panda viazi vitamu kwa kusongamana, maana lumbugu hudhoofika kivulini.

Huko Mbale, walakini, usithubutu kufukua mtelemko wote kwa mara moja, kwa kuwa mvua za Mlima Elgon huchukua udongo mtupu pamoja na rutuba yake. Safisha ukanda mmoja mmoja kila kiangazi, ukiukingamisha na mtelemko.

Ama ukipapasa shina ukalihisi lina pembe tatu, hiyo ni ndago, na kuing'oa hakufai kitu, kwani kikonyo hukatika na vijiazi vikabaki chini; hiyo ipalilie kila ichipuapo, kabla majani hayajapata kuvilisha.