Uvimbe wa Kibofu cha Mkojo Unaorithiwa Katika Ukoo

Mkojo wenye damu huwaleta wakazi wengi zahanati, na sababu ifikiriwayo kwanza ni kichocho, hasa kwa aliyeishi kando ya Ziwa Nyasa. Ndivyo ipasavyo. Kichocho hutibika kwa vidonge vya prazikwanteli, na kikiachwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Hata hivyo upo uvimbe mwingine wa kibofu, adimu mno, ambao hautokani na maji wala konokono. Mara nyingi asili yake ni urithi wa wazazi.

Uvimbe huo huitwa paraganglioma. Huota katika seli za neva zilizomo ukutani mwa kibofu, na aghalabu hutoa homoni zilezile ambazo tezi za juu ya figo humwaga mtu anaposhtuka. Kwa hiyo dalili yake ni ya pekee: mgonjwa akojoapo, kibofu hujikaza na homoni humwagika, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, jasho humtoka, presha hupanda ghafla. Wengine huzimia chooni. Mtu wa namna hiyo husemwa mengi mtaani, na pengine huzungushwa kwa waganga kabla hajapimwa presha hata mara moja. Madaktari waliueleza uvimbe huu mwaka 1953. Katika kila uvimbe 1,000 wa kibofu, huu haufiki 1.

Mwaka 2000 watafiti walitambua kinasaba kiitwacho SDHD kuwa chanzo cha uvimbe wa jamii hii, na mwaka 2001 kikafuata SDHB. Vinasaba hivi husaidia seli kutumia oksijeni. Kimoja kikiharibika, seli huishi kana kwamba imekosa hewa, nayo huanza kuzaana ovyo. Kila mtoto wa mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi, ingawa si kila arithiye huugua. Kasoro ya SDHD ina ajabu yake: aliyeipokea kwa baba ndiye huugua, ilhali aliyeipokea kwa mama kwa kawaida husalimika lakini huweza kuwarithisha wanawe. Ugonjwa hivyo huruka kizazi, na kauli ya kwamba “kwetu haupo” haitoshi.

Katika milima ya Andes, uvimbe wa jamii hii uotao shingoni huonekana zaidi kwa waishio juu sana. Mkazi wa Mbeya mjini, penye mita 1,700 hivi, asiiogope hewa ya kwao kwa habari hiyo.

Jambo la kuogopwa ni kisu kinachotangulia vipimo. Uvimbe huu ukiguswa mgonjwa asipoandaliwa, presha huweza kupanda hadi kuhatarisha maisha. Homoni hupimwa kwanza katika damu au mkojo, dawa za kutuliza presha hutolewa kwa siku kadhaa, ndipo upasuaji hufanyika. Wengi hupona. Wenye kasoro ya SDHB huendelea kuchunguzwa kwa miaka, kwa kuwa uvimbe wao huweza kusambaa.

Mwenye dalili hizi aanzie zahanati ya kata yake na aeleze waziwazi kwamba humpata wakati wa kukojoa. Akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au ile ya Kanda Mbeya, awe na orodha ya ndugu wa pande zote mbili, wa baba na wa mama, waliougua presha wakiwa vijana, waliofariki ghafla au waliowahi kuwa na uvimbe shingoni.