Somo la Kazi na Ajira: Mshauri wa Wanafunzi Anayefanya Kazi Nje



Huenda mtoto wako amewahi kurudi kutoka shule na karatasi ya ruhusa. Karatasi inasema wanafunzi wataondoka Jumatano, watalala msituni usiku mbili, watatembea, watapika wenyewe, na mshauri wa shule atakuwa pamoja nao. Wazazi wengi miongoni mwetu husita kuitia sahihi. Mtu aliyekatiza msitu usiku akiwa na mtoto mgongoni haoni kwa nini mtoto huyo apelekwe tena msituni. Na binti aliyekuwa akitumwa kuni nje ya kambi ya Nyarugusu anakumbuka hofu ya njia ile.

Mwezi huu tunajifunza juu ya watu wanaoongoza safari kama hizo hapa Marekani. Tunataka mzazi aelewe mtoto wake anapelekwa kufanya nini. Tunataka pia kijana ajue kwamba hii ni kazi ya kusomea, yenye cheti na mshahara, na kwamba watu waliopitia tuliyopitia wanahitajika ndani yake.

1. Kazi yenyewe ni nini?

Ni kazi mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni elimu ya nje: kufundisha watoto kwa kutembea, kupiga kambi, kupiga makasia, kulima bustani ya shule, kusoma mito na ndege. Ya pili ni ushauri nasaha: kumsikiliza mwanafunzi mwenye huzuni, hasira, wasiwasi au msiba, na kumsaidia apate njia.

Kijana anayenyamaza ofisini, akiwa ameketi uso kwa uso na mtu mzima, mara nyingi huanza kuongea akiwa anachochea moto au anatembea bega kwa bega na mtu huyo. Hakuna anayemkodolea macho, na mikono yake ina kazi. Mshauri hutumia yanayotokea njiani. Mwanafunzi akishindwa kupanda kilima, kikundi hupumzika, kisha mshauri huuliza: ulipotaka kuacha, ni nini kilikusaidia? Jibu hilo mwanafunzi hurudi nalo darasani.

Si lazima iwe milimani. Washauri wengine hufanya kazi hii katika bustani ya mji au kwenye uwanja nyuma ya shule.

2. Ilianzia wapi?

Mmoja wa waanzilishi wa elimu ya nje alikuwa mkimbizi. Kurt Hahn alikuwa mwalimu mkuu wa shule Ujerumani, Myahudi aliyempinga Hitler waziwazi. Alifungwa mwaka 1933, akaachiliwa, akakimbilia Uingereza. Mwaka 1941, wakati wa vita, yeye na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli, walifungua shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Walitaka mabaharia vijana wajifunze kustahimili meli zao zinapozama. Shule za aina hiyo zikaenea. Miaka ya 1950 ilikuwepo moja Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Ya kwanza Marekani ilifunguliwa Colorado, mwaka 1962.

Upande wa afya nao umechunguzwa. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo kuhusu wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, na nusu lilitazama ukuta wa matofali. Walioona miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Miti haikuponya kidonda, lakini ilisaidia mgonjwa.

3. Neno moja, kazi mbili

Hapa wageni wengi huchanganyikiwa. Wakati wa kiangazi utaona matangazo ya kazi ya "kaunsela wa kambi". Huyo ni kijana anayelea watoto likizoni: anacheza nao, anahakikisha wamekula na wamelala. Hahitaji shahada wala leseni. "Kaunsela wa shule" na "kaunsela mwenye leseni" ni watu wengine kabisa. Hao wamesoma hadi chuo kikuu na wanabanwa na sheria.

Neno "kambi" nalo lisikutishe. Kwetu kambi ni Nyarugusu, Kakuma au Dadaab. Hapa mtoto akisema anaenda kambi, ana maana ya michezo ya kiangazi.

4. Hatua za kuifikia

Hatua ya kwanza: anza na kazi ndogo. Kambi za kiangazi mara nyingi huajiri vijana wa miaka 18, na baadhi huchukua wasaidizi wa miaka 16. Utachunguzwa rekodi yako, na huenda ukachukuliwa alama za vidole. Hiyo ni kawaida kwa kila anayefanya kazi na watoto.

Hatua ya pili: pata cheti cha huduma ya kwanza porini. Kile kiitwacho Wilderness First Responder huchukua takriban saa 70 hadi 80 za mafunzo, na waajiri wengi wa kazi za nje hukitaka kwa viongozi wa safari. Kama hujui kuogelea, jifunze sasa.

Hatua ya tatu: shahada ya kwanza, miaka minne. Unaweza kuanza chuo cha jamii ili kupunguza gharama, kisha uhamie chuo kikuu. Saikolojia, ualimu, kazi za jamii au elimu ya mazingira vyote vinafaa. Kama ulisoma Kongo, Burundi au Tanzania, usitupe vyeti vyako. Vinaweza kutathminiwa, na huenda usianze upya.

Hatua ya nne: shahada ya uzamili katika ushauri. Majimbo mengi huitaka kwa kaunsela wa shule. Katika programu nyingi utafanya mazoezi ya saa 100, kisha saa 600 chini ya msimamizi. Ukitaka leseni ya kutibu nje ya shule, baada ya chuo kuna mtihani na saa nyingine za usimamizi, mara nyingi kati ya 2,000 na 4,000, kulingana na jimbo.

Njia ni ndefu, lakini kila hatua ina kazi yake ya kulipwa. Anayeishia hatua ya pili anaweza kuongoza safari, ila asijiite mshauri wala asijaribu kutibu. Kwa ada, nenda ofisi ya msaada wa fedha ya chuo kabla ya kukopa popote. Njoo pia ofisini kwetu tusome fomu pamoja.

5. Mzazi aulize nini?

Hapa tunasema wazi. Si kila mpango unaoitwa wa porini ni salama. Mwaka 2007 Ofisi ya Ukaguzi ya Serikali ya Marekani ililiarifu Bunge juu ya maelfu ya madai ya unyanyasaji, na baadhi ya vifo, katika mipango binafsi ya vijana, ikiwemo ile ya porini. Safari ya siku mbili ya shule ni jambo tofauti, lakini una haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi:

- Nani kati ya viongozi ana leseni, na ni ya nini?
- Mtoto akisema hataki kuendelea, mnafanya nini?
- Naweza kuzungumza naye kwa simu?
- Mtoto akimwambia mshauri jambo, nani mwingine atalijua?

Kwa swali la mwisho, jua kwamba mshauri hutunza siri, isipokuwa akiona mtoto yuko hatarini. Hapo sheria inamlazimu kutoa taarifa.

Kama mtoto wako anaogopa msitu, mwambie mwalimu. Huna haja ya kusimulia kila kitu. Sema tu: "Tulipita msituni tukikimbia vita." Mshauri mzuri ataanza naye karibu, mchana, penye njia iliyo wazi, na hatamlazimisha.

6. Wewe unaleta nini?

Chama cha washauri wa shule hapa kinashauri mshauri mmoja awe na wanafunzi 250. Shule nyingi zina wanafunzi zaidi ya hapo kwa kila mshauri, na washauri wanaojua Kiswahili, Kirundi au Kibembe ni wachache sana. Mtoto wetu akilia, mara nyingi anamlilia mtu ambaye hajui maana ya kwenda kuchota kuni.

Wewe unajua. Unajua kuwasha moto kwenye mvua, na unajua pia kwa nini mtoto fulani anashtuka tawi likivunjika. La kwanza linafundishika kwa wiki moja. La pili halifundishiki chuoni, ingawa chuo kitakufundisha namna ya kulitumia bila kujiumiza wewe mwenyewe. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Eleza tofauti kati ya kaunsela wa kambi na kaunsela wa shule.
2. Ni mahali gani pa nje, karibu na nyumba yenu, ambapo kila mtu katika familia anajisikia salama?
3. Mtoto wako akileta karatasi ya ruhusa kesho, utauliza swali gani kwanza?
4. Kijana: ni hatua gani kati ya zile nne unaweza kuianza mwaka huu?