KHL ya Urusi iliitikisa NHL?

Swali: Ligi ya hoki ya barafuni ya Urusi, KHL, ilipoanza mwaka 2008, ilitajwa kuwa mpinzani wa NHL ya Marekani na Kanada. Je, ilifua dafu?

Jibu: Kwa fedha, iliitia NHL hofu kweli. Mchezaji Jaromír Jágr aliiacha klabu ya NHL ya New York Rangers akaenda Omsk, Urusi. Mwenzake Alexander Radulov akahamia Ufa, pia Urusi, ilhali mkataba wake na klabu ya NHL ya Nashville ulikuwa umebakiza mwaka mzima. Pigo zito zaidi lilikuja 2013: mchezaji Ilya Kovalchuk aliacha dola milioni 77 zilizobaki katika mkataba wake na klabu ya New Jersey, akarudi nyumbani Urusi. Lakini klabu nyingi za KHL zilitegemea zaidi kampuni za serikali na bajeti za mikoa kuliko viingilio au televisheni. Hapo ndipo naona udhaifu wa KHL: mfadhili akiyumba, mishahara huchelewa.