Fidia ya Mtu Aumiaye Kazini

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, nyuzi hutolewa katika majani kwa mashine iitwayo korona. Mashine hiyo ikinasa mkono, haiuachi mzima. Je, mtu huyo atakula nini?

Wengine hudhani kwamba alipwacho ni sadaka ya tajiri. Sivyo, ni haki yake kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Waajiri wa Tanzania Bara hutoa fedha katika Mfuko ulioanza kazi mwaka 2015, wala hawana ruhusa kuzikata katika mshahara wake. Humo hulipwa matibabu na ulemavu. Akifa, mjane na watoto hulipwa. Halazimiki kuonyesha kosa la mwajiri. Lakini na atoe habari upesi, maana miezi 12 ikipita kimya, haki hiyo hupotea.