Siku Inayoanza Jioni

JUMATANO

*Soma Mwanzo 1:5, 8 na Mambo ya Walawi 23:32. Kulingana na mafungu haya, siku inaanza lini?*

Wazee wengi wa pwani ya Tanga bado wanahesabu hivyo. Mzee wa Pangani akikwambia "usiku wa Ijumaa", huenda anamaanisha usiku unaoingia jua la Alhamisi likishazama. Sisi nasi huipokea Sabato jua linapozama. Lakini je, tumewahi kutafakari maana yake kwa siku nyingine sita? Kama siku inaanza jioni, basi kitu cha kwanza ambacho Mungu anatupatia katika kila siku ni pumziko, kisha kazi. Sisi tunalala, Yeye anaendelea kuulinda ulimwengu.

*Soma Zaburi 127:1, 2. Ni kazi ya namna gani inayoitwa bure hapa?*

Mtunzi halaumu bidii. Analaumu hofu ya mtu anayekesha kana kwamba kila kitu kinamtegemea yeye.

Mwili nao umeumbwa kwa utaratibu huo. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuandaa mwili kulala. Mwanga wa simu huichelewesha. Kafeini nayo haiondoki upesi: ukinywa kahawa barazani saa 2 usiku, karibu nusu yake yaweza kuwa bado mwilini saa 7. Watu wazima wengi wanahitaji kulala muda wa saa 7 au zaidi. Kukosa usingizi wa kutosha kwa miaka mingi kunahusianishwa na shinikizo la damu, kisukari na magonjwa ya moyo.

Lakini wako wasio na uchaguzi. Kutoka Moa hadi Kipumbwi, wavuvi wa dagaa huingia baharini usiku wa giza na taa zao, na alfajiri akina mama huwangoja ufukweni ili wachemshe na kuanika. Wako pia wauguzi, walinzi na madereva. Hatari yao ni ya kweli: mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani. Je, tuwaambie ndugu hawa kwamba wamepungukiwa na imani?

*Soma Marko 4:35–40. Yesu alilala wapi, na baada ya siku ya namna gani?*

Alilala chomboni, kati ya wavuvi waliozoea kukesha. Hakungoja mahali pazuri wala bahari itulie. Anayefanya kazi usiku anaweza kulala mchana kwa tumaini lilo hilo, nasi tunaweza kuulinda usingizi wake. Mbalamwezi inapong'aa, taa hazivuti dagaa vizuri na vyombo vingi hupumzika. Mvuvi autumie usiku huo kulala.

Mazoea ya kuanza nayo juma hili

- Lala na kuamka saa zile zile kila siku, kadiri kazi yako inavyoruhusu.
- Kula chakula chepesi mapema jioni, na uache chai na kahawa.
- Simu ibaki nje ya chandarua.
- Toka nje upate mwanga wa asubuhi, tembea kidogo.
- Aliyetoka zamu ya usiku atayarishiwe chumba chenye giza. Watoto wachezee mbali, na wageni wangoje.
- Usingizi ukikataa kwa majuma kadhaa, au mtu akikoroma na pumzi kukatika, aende kituo cha afya. Hilo si dhambi wala aibu.

*Soma 1 Wafalme 19:4–8. Eliya alipokata tamaa, alipewa nini kabla ya kutumwa tena?*

Hakukemewa. Alipewa usingizi, chakula, kisha usingizi tena. Safari ndefu ilifuata baadaye.

Kwa tafakari: Ni jambo gani unaloogopa kumwachia Mungu ufumbapo macho usiku huu? Je, kuna mtu katika kundi lenu anayefanya kazi usiku? Mnaweza kufanya nini, nyumbani kwake na katika ratiba za kanisa, ili apate kulala?