Civilization VII au VI?

Swali: Msomaji wa Jinja ana kompyuta yenye RAM ya GB 4. Rafiki yake wa Mbale anamhimiza aache mchezo wa kompyuta wa Civilization VI (2016) anunue VII (2025). Akubali?

Jibu: Kwa kompyuta hiyo, hapana. VII inahitaji angalau GB 8.

Hamu ya kuhamia VII inaeleweka, hata hivyo. Buganda sasa imo katika VII, pamoja na Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi. Katika VI hapakuwa na taifa hata moja la Maziwa Makuu. Ila VII ilitoka na zama tatu, na wakati huo kila zama mchezaji alibadilisha taifa huku kiongozi akibaki yuleyule. Kwa utaratibu huo, aliyependa kulea taifa moja tangu mikuki hadi roketi alistarehe zaidi na VI.