Mtoto wa Chekechea Aandae Chakula, Lakini Jiko Lisiingie Darasani

Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Mtaala wa umilisi nao unataka mtoto wa PP1 na PP2, yaani wa miaka 4 na 5, ajifunze kwa kutenda. Hapa Nyeri kifaa cha kufundishia kilicho karibu zaidi ni minji.

Somo huanza na mikono: maji yanayotiririka, sabuni, na kusugua kwa sekunde 20. Beseni moja kwa darasa zima halifai, kwani uchafu wa mmoja huwafikia wote. Kisha kila mtoto hupewa maganda machache ya minji ayapasue. Kidole gumba na cha shahada vinavyobana ganda ndivyo vitakavyoshika penseli, na punje zinazotoka huhesabiwa: ganda hili lina 6, lile 8, lipi lina nyingi? Mwishoni mwalimu naye azihesabu, maana punje ya minji huingia puani upesi kuliko inavyotoka.

Viazi vya Kieni hufuata. Watoto huviosha na kuvichagua. Kilichogeuka kijani hutengwa, kwa sababu rangi hiyo ni dalili ya solanini, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Somo hilo litamfaa mtoto hata atakapotumwa sokoni Karatina.

Kupika ni kazi ya mpishi, na mahali pake ni jikoni. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Mlima Kenya inapobana, huwapo kishawishi cha kuingiza jiko la makaa darasani ili lipike na kupasha chumba joto. Lisiingizwe. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa na kichwa, husinzia, na anaweza kufa usingizini. Mtoto akilalamika kichwa karibu na jiko, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali, hata akionekana amepata nafuu.

Viazi, mahindi na minji vikishaiva na kupoa, sufuria huletwa darasani, ikawekwa chini, na watoto wakaponda mukimo kwa zamu kwa mwiko wa mbao. Mzazi anaweza kumwachia mtoto kazi hiyohiyo nyumbani Jumamosi. Nduma pia atamenya, mradi iwe imechemshwa; mbichi huwasha mikono.